Uzito Usiopimwa kwa Mizani



Katika maswali yanayotufikia hapa Machakos baada ya darsa za jioni, liko moja lisilokatika, na aghalabu waliulizao ni mama zetu na wazee wetu. Hawaonyeshi mahali panapouma. Husema tu, "Sheikh, mwili mzito." Asubuhi miguu haitaki kushuka kitandani. Kichwa kimejaa, kana kwamba kimezungushiwa kilemba kilicholowa. Chakula kikiingia tumboni hukaa hapo kama mgeni asiyeaga. Mtu hulala usiku mzima, akaamka amechoka kuliko alivyolala. Na ukimpandisha kwenye mizani, pengine hajaongezeka hata ratili moja.

Swali hilo hufuatwa na jingine: je, dawa za Kichina zafaa? Twaelewa linakotoka. Kaunti yetu imekatwa na barabara kuu ya Mombasa, na siku hizi poda, chai za vifuko na mafuta yenye maandishi ya Kichina hufika madukani na mikononi mwa wachuuzi. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wana mazoea marefu zaidi, kwani madaktari kutoka China walianza kuhudumu Zanzibar mwaka wa 1964, na Tanzania Bara mwaka wa 1968. Wengi wao ni matabibu wa hospitali kama hawa tuwajuao, lakini kwao ndiko watu wengi wa pwani walikoiona tiba ya sindano kwa mara ya kwanza.

Insafu yatutaka tuwasikilize kwanza wenye elimu yao wanavyoieleza wenyewe, kisha ndipo tupime. Hiyo ndiyo njia tutakayoifuata leo.

Maji yaliyosimama

Matabibu wa Kichina huliita jambo hili shi, yaani unyevu. Msingi wa elimu yao umo katika kitabu kiitwacho Huangdi Neijing, kilichokusanywa yapata miaka 2,000 iliyopita. Humo wametaja mambo sita ya hewa yawezayo kumdhuru mwanadamu: upepo, baridi, joto la kiangazi, unyevu, ukavu na moto. Kila moja lina tabia yake. Upepo hutembea, ndiyo sababu maumivu yake huhamahama. Baridi hukaza. Unyevu ni mzito, hunata, hushuka chini, tena hauondoki upesi. Kwa hiyo aliyeingiwa na unyevu huona viungo vizito, tumbo limejaa, hamu ya chakula imepungua, choo kimelegea, na usingizi hauishi machoni.

Unyevu huo, wasema, huingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa nje: nyumba ambayo kuta zake hutoka maji, nguo mbichi zilizokaukia mwilini, kazi za kushinda majini. Watu wa Lamu na Mombasa hawahitaji kuelezwa, kwani masika ikishika, chumvi hurowa chomboni na viatu huota ukungu kabatini.

Mlango wa pili ni wa ndani, na ndio wanaoutilia mkazo zaidi. Husema kwamba bandama, au wengu kama wengine wasemavyo, ndilo lipewalo kazi ya kugeuza chakula na kinywaji kuwa nguvu ya uhai, waiitayo chi, na kuisambaza mwilini. Likichoshwa kwa vyakula vya mafuta, vitamu na vya baridi, au kwa kula ovyo na usiku mno, hushindwa na kazi yake. Maji ambayo yangaligeuzwa kuwa nguvu husimama. Yakisimama muda mrefu huganda yakawa kohozi, na kohozi kwao si la kifuani tu, bali ni kila utelezi mzito unaoziba njia za mwili.

Aliyepita vilima vya Mua na Iveti ataifahamu hoja hii vizuri kuliko wengi. Ameyaona matuta ya fanya juu, ambayo mkulima huyafanya kwa kuchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu, ili mvua ikinyesha maji yapunguze mwendo na shamba liyanywe. Mtaro ukijaa tope, maji hutuama. Mahindi husimama majini, majani yakageuka manjano, kwa kuwa mizizi imezama katika maji yasiyokwenda. Mwili wenye unyevu, kwa maelezo ya Wachina, ni shamba la namna hiyo: limejaa, lakini halinufaiki. Ndiyo sababu uzito huu humpata hata mtu wa Machakos, penye hewa kavu na mvua haba.

Wala hawaishii kwenye chakula. Katika elimu yao kila kiungo kikuu kina hisia yake, na hisia ya bandama ni kufikiri kupita kiasi. Mama anayehesabu karo ya shule usiku kucha, na mfanyabiashara anayekula huku akipiga hesabu ya madeni, wote wawili hulichosha bandama.

Tabibu wao akitaka kuhakikisha, hutazama ulimi. Ulimi wa mwenye unyevu huwa mnene, kingo zake zina alama za meno, na juu yake pana utando mzito. Kisha huweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono na kusikiliza mapigo. Yakipita yakiteleza kama shanga chini ya vidole, hiyo kwake ni ishara ya unyevu na kohozi.

Wazee wetu waliona nini

Msomaji aliyefungua vitabu vya tiba vya wazee wetu atasema kwamba haya si mageni. Naam. Tiba iliyotufikia pwani kwa lugha ya Kiarabu yazungumza juu ya damu, balghamu, safura na sauda, na balghamu ndiyo yenye tabia ya baridi na majimaji. Ibn Sina, aliyeishi baina ya mwaka 980 na 1037, alizitaja katika kitabu chake cha al-Qanun dalili za mtu aliyezidiwa na balghamu: mwili kulegea, ngozi kuwa baridi, mate mengi, kiu kupungua, chakula kutosagika vyema, usingizi mwingi na uvivu. Ziweke dalili hizo kando ya zile za unyevu wa Wachina, utadhani mgonjwa ni mmoja.

Watu wa elimu hizi mbili walijuana. Mwaka wa 1313, mjini Tabriz, waziri Rashid al-Din alisimamia kufasiriwa kwa tiba ya Kichina katika lugha ya Kiajemi, katika kitabu kijulikanacho kwa jina la Tansuqnama. Na kwa karne nyingi ubani na manemane kutoka Usomali na kusini mwa Arabuni vilisafirishwa hadi China, na hadi leo vimo katika dawa zao.

Hata hivyo, kuafikiana kwao kuna mpaka. Mashahidi wawili wakikubaliana juu ya dalili, dalili hiyo twaisadiki: kweli uko uzito unaompata mtu pamoja na tumbo kujaa, usingizi na ulegevu. Lakini kukubaliana juu ya dalili hakujathibitisha sababu. Mmoja amesema balghamu, mwingine amesema bandama, na wote wawili walisema hivyo kabla ya mtu yeyote kuweza kupima damu. Neno hili tunamwomba msomaji alishike, kwani tutalirudia.

Namna wanavyotibu

Tiba yao huanzia jikoni. Tabibu mashuhuri wa mlango huu ni Li Gao, aliyeishi baina ya mwaka 1180 na 1251. Aliushuhudia mji wa Kaifeng ulipozingirwa na Wamongolia mwaka wa 1232, akaona jinsi njaa, hofu na uchovu vilivyowamaliza watu, kisha akaandika kitabu kizima juu ya bandama na tumbo. Wanaomfuata humwamuru mwenye mwili mzito apunguze vitu vitamu, vya kukaangwa, maziwa mengi na vinywaji vya baridi. Ale chakula cha moto kilichopikwa vizuri, kidogo kidogo, kwa nyakati zake, na asilale tumbo likiwa limejaa.

Baadaye ndipo huja mitishamba. Liko changanyiko moja la kale liitwalo Ping Wei San, yaani poda ya kutuliza tumbo, lililomo katika kitabu cha dawa cha serikali ya enzi ya Song, karne ya 12. Ndani yake mna mizizi na magome ya miti ya kwao, lakini mna pia maganda makavu ya chenza na urukususu, na huchemshwa pamoja na tangawizi na tunda lililo jamaa ya kunazi zetu. Hutumia vilevile kuvu liotalo kwenye mizizi ya misonobari, na nafaka moja ambayo ndugu zake wenye mbegu ngumu watu wa nchi nyingi huzitunga kuwa tasbihi. Hivi viwili huaminiwa kuyatoa maji kwa njia ya mkojo.

Ama sindano, hizo ni nyembamba mno, na huchomwa mahali maalumu. Mahali panapotajwa sana kwa uzito wa mwili pako vidole vinne chini ya goti, upande wa nje wa muundi; pengine pako upande wa ndani wa mguu, katika kibonde kilicho chini ya goti. Huchoma vilevile majani makavu ya jamii ya pakanga karibu na ngozi ili joto lipenye, na huumika kwa vikombe. Chuku twaijua sisi, na hijama ina nafasi yake katika mafunzo tuliyoyapokea. Mwisho humwamuru mgonjwa atembee, kwa kuwa maji yaliyosimama hutaka kusukumwa.

Sasa na tuitazame sinia yetu wenyewe. Katika mwezi wa Ramadhani, jua likishatua, ni kipi tunachokitanguliza? Bajia, sambusa, kaimati zilizoogeshwa shira, tambi za sukari, na sharubati yenye barafu. Baada ya tarawehe hufuata pilau, kisha godoro. Tukitaka kumpa tabibu wa Kichina mfano wa namna unyevu unavyotengenezwa, hatuna haja ya kwenda mbali. Daktari wa hospitali naye, asiyejua neno shi, atatuambia hayo hayo kwa jina la sukari na shinikizo la damu. Nasi tumefundishwa tangu chuoni kwamba tumbo hugawanywa mafungu matatu, moja la chakula, moja la maji, na moja la pumzi. Fungu la pumzi ndilo tulilolidhulumu.

Katika haya hatuoni ubaya wowote. Mwenye mwili mzito akipunguza vya kukaanga na sukari, akala mapema, akanywa maji ya moto yenye tangawizi, akatembea robo saa baada ya chakula cha usiku, hatapoteza kitu na huenda akapata faraja kubwa. Jambo moja tu tuliangalie: asije mama mwenye upungufu wa damu akanyimwa matunda na mboga kwa kuambiwa kwamba zina baridi.

Palipo na hatari

Hatari haimo katika tangawizi. Imo katika kutosheka na jina. Mtu akishaambiwa "una unyevu", huona amekwisha kujua ugonjwa wake, akaacha kuuliza.

Kwanza ifahamike kwamba bandama wanalolitaja Wachina si lile nyama lililo chini ya mbavu za kushoto. La kwao ni jina la kazi ya kusaga na kusambaza chakula. Bandama la mwilini husafisha damu na husaidia kupambana na maradhi, wala halisagi chakula. Kwa hiyo akiambiwa mtu kwamba bandama lake ni dhaifu, asidhani limeoza. Na kinyume chake ni muhimu zaidi: katika pwani yetu yenye malaria na selimundu, bandama la kweli huvimba, na hilo ni jambo la hospitali.

Mama mmoja katika jamaa zetu alilalamikia uzito kwa muda mrefu. Alipewa poda, akainywa miezi mitatu kwa uaminifu kama mtu anywaye dawa ya daktari. Alipofikia hata kupanda ngazi za nyumba yake akikaa kila baada ya vidato vinne, ndipo binti yake alipompeleka kupimwa. Himoglobini yake ilikuwa 6. Mwanamke asiye mjamzito hutakiwa asipungue 12, mjamzito 11, na mwanamume 13. Alikuwa akivuja damu ya mwezi kupita kiasi kwa zaidi ya mwaka, na hakuna aliyemwuliza, naye aliona haya kusema. Alhamdulillahi alitibiwa akapona. Lakini tujiulize ni mama wangapi walio na haya kama zake, na poda zi tele madukani.

Uzito wa mwili waweza kuwa mlango wa mambo mengi. Waweza kuwa upungufu wa damu. Waweza kuwa kisukari, na kipimo cha sukari kabla ya kula kikifika 7 au zaidi, kikarudiwa kikawa vile vile, ndio ugonjwa huo. Waweza kuwa tezi ya shingo iliyopunguza kazi, au figo, au moyo usiosukuma damu sawasawa, au shinikizo lililopanda hadi 140 kwa 90 na kuendelea. Waweza kuwa ni mtu anayekoroma hadi pumzi ikakatika usingizini, akawa halali kwa hakika. Waweza pia kuwa huzuni iliyokaa moyoni, isiyoonekana na kipimo chochote, na ambayo watu wetu huificha kwa kusema "mwili" wanapokusudia "moyo". Mwenye kukosa raha kwa zaidi ya wiki mbili, asiyefurahia tena alichokuwa akikifurahia, naye ni mgonjwa anayestahili tabibu. Asiambiwe tu kwamba imani yake imepungua.

Yako na mengine yasiyongoja hata kesho. Uzito wa upande mmoja wa mwili pamoja na mdomo kupinda au ulimi kulegea ni kiharusi. Uzito wa kifua unaoenea mkononi au tayani ni moyo. Mjamzito aliyevimba uso na mikono, kichwa kikamgonga na macho yakamtia giza, yu katika hatari ya kifafa cha mimba. Hawa wote hupelekwa hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana.

Shirika la Afya Duniani liliyaingiza majina ya maradhi ya tiba ya Kichina katika orodha yake ya maradhi iliyopitishwa mwaka wa 2019. Wauzaji hulitumia jambo hili kama cheti. Shirika lenyewe lilieleza kwamba kusudio ni kuhesabu na kulinganisha, na kwamba kuorodhesha si kuidhinisha tiba. Utafiti wa sindano umeonyesha nafuu ya kiasi kwa baadhi ya maumivu sugu, kama ya mgongo na kichwa. Kwa uzito wa mwili ushahidi ni dhaifu zaidi.

Yaliyomo chupani

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Brussels, wanawake waliotaka kupunguza mwili walipewa vidonge vilivyochanganywa na mitishamba ya Kichina. Mmojawapo ulikusudiwa kuwa fangji, mti unaotumika kuyatoa maji mwilini. Badala yake uliingia mti mwingine wenye jina linalokaribiana nao, wa jamii ya aristolokia, na huo ni sumu ya figo. Watu wapatao 100 waliharibikiwa figo, na baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Walikuwa wakitafuta wepesi. Hata urukususu, tamu na maarufu, ukinywewa sana hupandisha shinikizo la damu. Mwenye maradhi hayo na auepuke.

Kwetu Waislamu kuna suali jingine: dawa imetengenezwa kwa nini? Gamba la kidonge laweza kuwa limetokana na ngozi na mifupa ya nguruwe, na ziko dawa zao zilizorowekwa katika mvinyo. Tena iko moja iliyofika hadi mlangoni petu hapa Machakos. Huitwa ejiao, na ni gundi inayochemshwa kutokana na ngozi ya punda. Huuzwa kama dawa ya kuongeza damu na kuondoa uchovu. Tangu mwaka wa 2016 Kenya ilifungua machinjio 4 ya punda ili kuridhisha soko hilo, na mojawapo lilikuwa katika kaunti hii ya Machakos. Hesabu ya mwaka wa 2009 ilikuta punda wapatao milioni 1.8 nchini, ya mwaka wa 2019 ilikuta kama milioni 1.2. Wizi wa punda ulienea. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka wa 2020, mahakama ikaitengua marufuku mwaka uliofuata, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuusimamisha kwa miaka 15 barani kote.

Nyama ya punda wa kufugwa hukumu yake kwa jamhuri ya wanazuoni yajulikana. Lakini yako mawili zaidi ya kutafakari. Kwa kanuni za Wachina wenyewe, ejiao ni dawa nzito yenye kunata, na humzidishia unyevu mtu ambaye bandama lake limechoka. Anayemwuzia mwenye mwili mzito amekosea hata kwa elimu anayodai kuitumia. La pili laumiza zaidi. Ukambani, kama Lamu, punda ndiye mchukuzi. Familia iliyoibiwa punda haikuacha kunywa maji. Mtungi ulihamia mgongoni mwa mama, na safari ya kisimani ikawa yake kwa miguu. Uzito ulioondolewa kwa mnunuzi wa mbali ukatuliwa juu ya bega la mwanamke wa hapa.

Mizani tuliyo nayo

Tusitoke hapa tukidhani kwamba tiba ya Kichina haina lake. Athi River, katika kaunti hii hii, kilijengwa miaka ya 2000 kiwanda cha kukamua dawa kutoka kwa mmea wa artemisia, uliolimwa na wakulima wa Afrika Mashariki. Mmea huo ni wa Wachina tangu kale. Ge Hong, mwanachuoni wa karne ya 4, aliandika namna ya kuuroweka na kuukamua kwa ajili ya homa. Katika mradi ulioanza mwaka wa 1967, Bi Tu Youyou na wenziwe walivisoma vitabu vya wahenga wao, wakaijaribu mitishamba mmoja baada ya mwingine, wakashindwa mara nyingi, hata wakaipata artemisinini. Leo ndiyo msingi wa vidonge vya malaria tunavyowapa watoto wetu, na mwaka wa 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Bi huyo hakukidharau kitabu cha babu zake, wala hakukiamini kwa kuwa ni cha kale. Alikipima. Kizuri zaidi kilichotufikia kutoka tiba ya Kichina kilitufikia baada ya kupimwa, na walioanza kukipima ni Wachina wenyewe. Nasi tutumie mizani hiyo hiyo kwa poda yao, kwa habasoda yetu, na kwa kikombe cha kila mganga wa mtaani.

Basi, ndugu msomaji, mwili ukikulemea kwa zaidi ya wiki mbili, anza kwa kupimwa: damu, sukari, shinikizo na mkojo. Vipimo hivi hupatikana hata katika zahanati ndogo. Ukikutwa salama, fuata mashauri ya jikoni tuliyoyataja, upunguze sinia na uongeze hatua. Ukipenda sindano, mtafute mwenye elimu na leseni, atumiaye sindano mpya kwa kila mtu. Dawa ya chupa uliza kwanza kama imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, ujue vilivyomo, na umweleze daktari wako kila unachokinywa. Mjamzito na mwenye figo wasinywe bila ya idhini yake. Mafunzo tuliyoyapokea yamekwisha sema kwamba ajitiaye utabibu bila ya kuujua hubeba dhamana ya madhara yake. Dhamana hiyo yamhusu muuzaji, na yamhusu jirani apendaye kugawa poda kwa wema.

Nanyi akina baba, mke akisema mwili mzito, msimjibu kwamba ni uvivu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alijikinga kwa Mola wake kutokana na uvivu, na alijikinga vilevile kutokana na udhaifu wa kushindwa. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Mpeni nauli, mwende naye, na mwulizeni yale anayoona haya kuyasema.

Mwenyezi Mungu atupe sote wepesi wa mwili na wa moyo. Wabillahi tawfiq.